Kompyuta kuukuu za mezani: hitilafu za umeme na monita

Kompyuta za mezani zilizotengenezwa miaka ya 2000 bado zinachapa barua na kutunza kumbukumbu katika steshenari, shule na ofisi za Musoma, Bunda na Butiama. Nyingi ziliingia nchini zikiwa mtumba. Zikigoma, fundi huletewa lalamiko moja kati ya mawili: mashine haiwaki kabisa, au inawaka na monita inabaki nyeusi. Uchunguzi mzuri huanzia ukutani na kuingia ndani hatua kwa hatua. Anayekimbilia kununua monita nyingine mara nyingi hupoteza pesa yake bure.

Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230. Bwawa la Julius Nyerere, lililopewa jina la mzaliwa wa Butiama, limejengwa kuipa gridi ya taifa megawati 2,115, lakini wingi wa umeme kwenye gridi hauzuii volti kushuka mwisho wa laini ndefu ya kijijini. Kwa hiyo ipimwe kwanza soketi, kisha ekstensheni, kisha fyuzi iliyo ndani ya plagi ya pini tatu. Mashine zilizotoka Marekani zina jambo lake: nyingi zina swichi ndogo nyuma ya pawa saplai, upande mmoja 115, mwingine 230. Ikiachwa kwenye 115, saplai huweza kuungua kwa mlipuko pale pale inapochomekwa. Muuza mtumba asiyeikagua swichi hiyo anamdhulumu mteja.

Saplai ya aina ya ATX iliyo nzima hutoa volti 5 kwenye waya wa zambarau hata kabla kitufe hakijabonyezwa. Zisipokuwepo, saplai imekufa. Zikiwepo, saplai huchomolewa kwenye madabodi na waya wake wa kijani kuunganishwa na mweusi. Feni ikizunguka na waya wa njano ukisoma kati ya volti 11.4 na 12.6, kwa kawaida tatizo liko kwingine. Kopo la saplai lisifunguliwe ovyo, kwani kapasita zake kubwa huweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kuchomolewa.

Kwa mashine za rika hili, kapasita za madabodi zinastahili kutazamwa kwa makini kuliko kitu kingine. Mnamo 1999 hadi 2007 kapasita nyingi zenye kemikali mbovu ziliingia viwandani. Dell OptiPlex GX270 ni miongoni mwa kompyuta zilizoathirika sana. Kapasita nzima ina kichwa bapa chenye mkato wa msalaba au wa herufi K. Mbovu huvimba hapo kwenye mkato, na pengine huacha utando wa kahawia kama kutu. Dalili yake ni mashine inayokataa kuwaka asubuhi, ikibonyezwa tena na tena hatimaye inakubali, kisha inafanya kazi mchana kutwa. Ya kubadilishia iwe na ujazo ule ule, volti zisizopungua za mwanzo, na upande wa hasi usigeuzwe.

Musoma iko ufukweni mwa Ziwa Victoria, na wadudu wadogo wa ziwani huja kwa makundi wakifuata taa. Wakivutwa na feni huganda pamoja na vumbi juu ya kipoza joto cha prosesa. Mashine ya namna hii huwaka vizuri, ikazima ghafla baada ya dakika chache, na mwenyewe akalaumu umeme. Isafishwe kwa brashi laini, feni ikiwa imeshikwa isizunguke.

Monita ikiandika kwamba haipati mawasiliano, yenyewe ni nzima. Itazamwe kama waya wa VGA umechomekwa kwenye kadi ya picha iliyoongezwa au umeachwa kwenye tundu la madabodi. Kisha RAM ichomolewe na meno yake yasuguliwe kwa ufutio safi. Tiba hii rahisi imefufua mashine nyingi. Picha ikionekana kwa sekunde mbili na kupotea, imulikwe kwa tochi: ikionekana kwa mbali, taa ya nyuma ya kioo ndiyo iliyokufa.

Monita nene za kizamani, zenye bomba la kioo, hutumia zaidi ya volti 20,000 na hubakiza chaji zikiwa zimezimwa. Fundi asiye na mafunzo nazo aishie kwenye waya na plagi.