Tuyaulize Maji Kabla ya Kugawa Ardhi

Kazi ya kugawa viwanja huanza kwa kamba na vigingi. Wazee husimama, vijana huinyosha kamba, karani huandika majina, na jioni kila mwenye nyumba huujua mpaka wake. Ni kazi njema. Lakini liko swali moja ambalo mara nyingi huulizwa baadaye, watu wakiisha kujenga: Je, chini ya ardhi hii yako maji ya kuwatosha wote hawa? Mimi mwalimu huliona jibu lake kila mwezi wa Septemba, watoto waingiapo darasani wamechelewa, nguo zimelowa, kwa kuwa tangu alfajiri walikuwa kisimani wakingoja zamu.

Yafaa basi tuyatazame mambo yaliyopita katika nchi yetu ya Buha, yaani Kakonko, Kibondo na Kasulu, tupate kujifunza.

Hapo kale Waha hawakukaa katika vijiji vikubwa. Kila mji ulijengwa peke yake juu ya kilima, pamoja na mashamba yake, na watu walishuka bondeni kuteka maji. Hapakuwa na mpimaji; lakini viangazi vingi vilikuwa vimekwisha kuwafundisha chemchemi ipi hukauka na ipi haikauki.

Mwaka 1933 mambo yalianza kubadilika. Ugonjwa wa malale ulizuka, na Serikali ya Waingereza ikawatoa watu katika mapori ya mbung'o, ikawakusanya mahali pamoja. Kisha mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakahamishwa tena, wakawekwa katika vijiji vya ujamaa, karibu na barabara, shule na zahanati. Mimi siwezi kuilaumu shule, maana ndiyo inilishayo. Lakini barabara hupenda mgongo wa kilima, na maji hupenda bonde. Ajengaye kando ya barabara hana budi kujua mapema maji yake yatatoka wapi.

Mfano ulio wazi zaidi watoka kwa jirani zetu wa Tabora. Wakimbizi wa Burundi waliofika mwaka 1972 walipewa makao huko Ulyankulu, wakagawiwa mashamba. Baada ya miaka michache ilionekana kwamba ardhi na maji havikuwatosha watu wote waliowekwa pale. Tangu mwaka 1978 maelfu yao walihamishiwa Mishamo, katika nchi ya Mpanda. Fikiri, msomaji: mtu aliyekwisha kukimbia nchi yake, akajenga na kupanda, aambiwa afunge mizigo mara ya pili.

Na hapa kwetu Kakonko, kambi ya Mtendeli ilifunguliwa tena mwezi wa Januari 2016 kwa wakimbizi wa Burundi. Uhaba wa maji ukawa moja ya mambo yaliyoizuia kupokea watu wengi zaidi. Mwaka 2021 kambi ikafungwa, na waliosalia wakapelekwa Nduta.

Je, waliopanga mambo haya walikuwa wajinga? La. Walikuwa na haraka. Ugonjwa haungoji, wala vita havingoji. Lakini sisi tugawao ardhi ya kijiji leo hatukimbizwi na malale wala na bunduki. Udhuru wao si udhuru wetu.

Basi, maji huulizwaje? Kwanza kwa hesabu, ambayo hata mtoto wa darasa la nne aiweza. Mtu mmoja ahitaji angalau lita 20 kwa siku. Nyumba 200 zenye watu watano watano ni watu 1,000, yaani lita 20,000 kila siku. Kisima kitoacho lita 1,000 kwa saa kitapigwa pampu saa 20 ili kuwatosha, bila kuhesabu mbuzi wala bustani.

Pili, kisima kipimwe mwisho wa kiangazi, wala si wakati wa masika, ambapo kila shimo ni kisima. Maji yavutwe mchana na usiku, na usawa wake upimwe kwa kamba: umeshuka kiasi gani, na umechukua muda gani kurudi juu? Tena kisima kimoja kisiwe shahidi wa nchi nzima. Katika miamba migumu maji hukaa ndani ya nyufa; mmoja huchimba akapata, na jirani yake huchimba akakuta vumbi.

Tatu, viwanja vipangwe kwa kuyahifadhi maji hayo. Choo kiwe mbali na kisima, angalau mita 30, tena upande wa chini. Kando ya mito, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu ndani ya mita 60. Mahali hapo pasiandikwe jina la mtu.

Kigingi kikipigwa vibaya chaweza kung'olewa jioni ile ile. Lakini nyumba, migomba na makaburi ya wazee havihamishwi hivyo. Wahenga walisema kwamba kuuliza si ujinga, na kwamba majuto ni mjukuu. Nasi watu wa Buha, tuliokwisha kuhamishwa mara nyingi, tuyaulize maji kwanza, kisha tuinyoshe kamba.