Tundu katika Mwamba

Leo nataka kuwapeni habari za tundu. Pengine mtacheka na kusema, Je, mwalimu hana la kutuambia ila matundu? Lakini katika nchi hizi za Shinyanga na Geita, dhahabu iliyotolewa katika mwamba mgumu kwa baruti ilitoka kwa sababu mtu alitangulia kutoboa tundu katika jiwe. Na tundu hilo limewaua watu wengi, hapa na katika nchi nyingine, si kwa kuwaangusha mwamba vichwani, bali kwa unga utokao ndani yake.

Kutoboa ni kazi ya kale mno. Karibu na Ziwa Eyasi, mashariki ya Shinyanga, liko pango liitwalo Mumba, na humo wataalamu wamechimbua shanga zilizofanywa kwa maganda ya mayai ya mbuni. Shanga za namna hiyo zilizo za kale kupita zote katika Afrika Mashariki zapata umri wa miaka 50,000. Mwenye kazi alivunja ganda vipande vidogo, akashika kipande kimoja, akakitoboa kwa ncha ya jiwe kali akiizungusha huku na huku, kisha akasugua ukingo hata ukawa mviringo. Mtoto ye yote aliyejaribu kutoboa kigae cha chungu kwa msumari ameyajua yale aliyoyajua mtu yule. Ncha haina budi kuwa ngumu kuliko kitu kinachotobolewa, nayo haina budi kugeuzwa. Tena unga lazima utolewe, maana ukibaki tunduni, ncha husaga unga badala ya kula ganda. Hilo la unga ndilo nitakalolirudia, kwa kuwa mashine zote zilizokuja baadaye zilisumbuliwa na jambo hilo hilo.

Wachimbaji wa zamani walipotaka kupasua mwamba waliwasha kuni juu yake hata ukapata moto sana, wakamwaga maji, nao ukapasuka. Katika karne ya 17 watu wa Ulaya walianza kutumia baruti migodini. Baruti iliyowekwa juu ya jiwe hufanya kishindo na kupotea hewani. Iliyofungiwa ndani ya jiwe hulipasua. Basi kazi kubwa ya mchimbaji ikawa kutoboa.

Kazi hiyo ilikuwa ya watu wawili. Mmoja alishika chuma kirefu chenye makali ya patasi, ambacho wachimbaji wetu huita moko. Wa pili alipiga kwa nyundo. Baada ya kila pigo mshikaji alikigeuza chuma kidogo, ili makali yaangukie mahali papya na tundu liwe la mviringo. Asipogeuza, chuma hunasa katika ufa wake mwenyewe, wala hakitoki kwa urahisi. Kama tundu lilielekea chini, walitia maji, unga ukawa tope, wakalichota kwa kijiko chembamba chenye mpini mrefu. Kama lilielekea juu, maji hayakukaa, na mtoboaji alipokea vumbi lote usoni pake.

Wala matundu hayatobolewi ovyo. Mwamba ni kama umati wa watu waliosongamana mlangoni: wa nyuma hawezi kusogea mpaka wa mbele ampishe. Kwa hiyo matundu machache ya katikati hutobolewa kwa kuinamiana, nayo hulipuliwa kwanza ili kufanya nafasi. Kisha yale ya kandokando hulipuliwa na kuangukia katika nafasi hiyo. Wanafunzi wangu wanaoona hesabu ya pembe kuwa adhabu wangefaa kumwuliza mlipuaji hodari kama pembe zina faida.

Ubaya wa vumbi ulijulikana mapema. Mwaka 1556 kilichapishwa kitabu cha Georgius Agricola juu ya migodi, na ndani yake alisimulia ya kwamba katika milima ya Carpathia walikuwako wanawake walioolewa na waume saba, mmoja baada ya mmoja, na wote wameuawa na ugonjwa wa vumbi la mgodini. Nyakati hizo chuma kilisukumwa na mkono wa mtu, na mkono huchoka. Unga uliotoka kwa siku moja ulikuwa na kiasi.

Mashine haichoki. Germain Sommeiller alitumia keekee ya kuendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa katika kutoboa njia ya reli chini ya milima, baina ya Ufaransa na Italia, tangu mwaka 1861, na njia ile ikafunguliwa mwaka 1871. Watu walistaajabia upesi wake. Baadaye, katika miaka ya 1890, mtu wa Colorado, Marekani, jina lake George Leyner, alitengeneza mashine yenye chuma kilicho wazi katikati kama mwanzi, akapitisha hewa ndani yake ili kupuliza unga nje ya tundu. Tundu lilisafishika vizuri sana, lakini unga wote ulijaa mahali waliposimama watu. Wachimbaji wakaikataa, na mashine zikarudishwa kwake. Hapo Leyner akapitisha maji mahali pa hewa. Unga ukatoka kama tope na kuanguka chini. Kwa maoni yangu wachimbaji wale waliokataa wastahili sifa sawasawa na fundi mwenyewe, ingawa majina yao hayakuandikwa.

Afrika ya Kusini ilichelewa. Tume iliyokaa Transvaal mwaka 1902 na 1903 iliona kwamba katika watoboaji wa mwamba wapata 1,400 waliokuwa kazini kabla ya vita vya Makaburu, zaidi ya 200 walikuwa wamekwisha kufa katika muda wa miaka michache. Na hao waliohesabiwa walikuwa Wazungu. Waafrika waliofanya kazi kando yao hawakuhesabiwa kwa uangalifu huo. Wachimbaji wa miaka ya baadaye, pamoja na watoto na wajane wa waliokufa, walingoja mpaka mwaka 2019, ndipo mahakama ya Johannesburg ilipokubali mapatano ya kuwalipa wagonjwa na jamaa za waliokufa.

Kwetu, mgodi wa Sekenke ulianza mwaka 1909, na mgodi wa chini ya ardhi wa Geita ukafanya kazi tangu miaka ya 1930 hata mwaka 1966, nao ulikuwa mkubwa kuliko migodi yote ya dhahabu ya Afrika Mashariki. Mgodi mpya wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000. Lakini maelfu ya watu hawamo katika migodi hiyo mikubwa. Ni wachimbaji wadogo wa Geita, Kahama na kwingineko, nao hutoboa kwa moko na nyundo, au kwa mashine ya hewa, na mara nyingi hutoboa pakavu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 juu ya machimbo madogo ya dhahabu ya Tanzania ulipima hewa ya watoboaji walio chini ya ardhi, ukaona unga wa jiwe zaidi ya mara 300 ya kipimo kinachoshauriwa na wataalamu.

Unga unaoua hauonekani. Chembe zake ni ndogo kuliko sehemu ya mia ya milimita. Huelea hewani saa nyingi, huingia ndani kabisa ya mapafu na kuyafanya makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, hauna dawa ya kuuondoa, tena hufungua mlango wa kifua kikuu. Kitambaa kilichofungwa puani huzuia vumbi nene tu, lile ambalo mtu angelipiga chafya na kulitoa.

Dawa ya vumbi ni maji, na hapo ndipo penye shida. Shinyanga ni nchi kavu. Maji ya Ziwa Victoria yalifikishwa Kahama na Shinyanga kwa mabomba mwaka 2009, lakini mashimo mengi yako mbali na bomba. Ndoo iteremshwayo shimoni kwa kamba imebebwa kutoka mbali, au imenunuliwa. Watu hunywa kwanza, kisha hupika. Tundu hupewa yaliyobaki, na siku nyingi hayabaki.