Njoro, Elburgon, Molo: Vitongoji vya Nani?

Tangu Nakuru ikabidhiwe hati ya kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, watu wameanza kuita Njoro, Elburgon na Molo vitongoji vyake. Mimi hupanda matatu kwenda huko wikendi nyingi, na neno hilo bado halijanikaa mdomoni. Kitongoji huzaliwa na mji. Hivi vilizaliwa na reli, kama Nakuru yenyewe.

Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka wa 1901, ikipanda kutoka Nakuru kupitia Njoro, Elburgon na Molo. Mwaka wa 1904 viongozi wa Wamaasai walitia sahihi mkataba wa kuhama Bonde la Ufa kwenda Laikipia. Walituachia jina: inasemekana Nakuru ni mahali pa vumbi kwa Kimaasai, na ukisimama stendi mwezi wa Februari hakuna atakayehitaji kukutafsiria.

Lord Delamere alikuwa ameshakodishiwa ekari 100,000 kule Njoro mwaka wa 1903. Mifugo ikamfia, akageukia ngano, ngano nayo ikaingiwa na kutu. Vita hivyo havijaisha: mpaka leo ngano za nchi nyingi huletwa kituo cha utafiti cha Njoro zijaribiwe dhidi ya ugonjwa uleule.

Lakini ekari hizo zote zililimwa na nani? Hapo ndipo tunapenda kuruka. Ukienda Njoro utaonyeshwa kasri la Lord Egerton. Nyumba za maskwota hakuna wa kukuonyesha. Wengi wao walikuwa Wakikuyu waliotoka Kati. Kwa sheria ya 1918, skwota alipaswa kumfanyia mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili apate pa kuishi, kulima na kulisha mbuzi wake. Watoto wakazaliwa hapo, wakakua, nao wakazaa. Kisheria walibaki wapita njia.

Ukitoka Molo, ukapita Keringet, unafika Olenguruone. Siku hizi ni chai tupu, na baridi yake si mchezo. Mwaka wa 1941 serikali iliwahamishia huko maskwota waliofukuzwa mashambani. Wao walijua wamepewa ardhi kama fidia; serikali ikawaambia ni wapangaji, na ikaja na masharti ya nini kipandwe, wapi na vipi. Wakagoma. Wakala kiapo cha umoja, wanaume, wanawake na hata watoto, na kufikia 1950 walikuwa wamefukuzwa tena, wengi wakapelekwa Yatta. Mwanahistoria Tabitha Kanogo ameonyesha jinsi mizizi ya Mau Mau ilivyopita katika mashamba haya. Shuleni mimi nilifundishwa Nyandarua na Mlima Kenya tu. Molo haikutajwa.

Baada ya uhuru baadhi ya mashamba yalikatwakatwa na kuuzwa, mara nyingi kupitia kampuni na vyama vya kununua ardhi, na wengine wakapata hatimiliki. Lile swali la mlowezi halikufutika, lilibadilisha tu mwulizaji. Liliulizwa kwa moto Molo mwaka wa 1992, Njoro Januari 1998, kisha kote huku baada ya uchaguzi wa 2007. Huulizwa pia kwa upole, kwenye matatu, na abiria aliyeketi kando yako: "Sawa, unaishi Elburgon. Lakini kwenu ni wapi?"