Kodi ya Vidato

Kijitabu kimoja cha elimu ya kodi kinamweleza msomaji kwamba nchi yenye haki hutoza "kodi ya maendeleo", yaani mwenye kipato kikubwa hukatwa asilimia kubwa zaidi. Maelezo hayana kosa. Jina ndilo balaa.

Mtanzania aliyekuwa mtu mzima kabla ya 2003 anaijua kodi ya maendeleo. Halmashauri ziliitoza kwa kichwa, na vijijini mwenye zizi la ng'ombe na mwenye jembe moja aghalabu walidaiwa kiasi kilekile. Mgambo walipopita, wanaume waliingia porini. Ilifutwa mwaka huo. Kuifufua leo ili itaje kinyume chake kunahitaji ujasiri unaopatikana kwenye kamati tu.

Wengine wakaleta "kodi endelevu". Neno hilo limekwisha kuolewa na wanamazingira, na kodi endelevu ingekuwa ile isiyokauka, hata ikiwa ya dhuluma.

Neno linalofaa liko minazini. Vidato ni zile tojo zinazochongwa kwenye shina ili mkwezi apate pa kuweka mguu. Hata istilahi ya Kizungu, *progressive*, imezaliwa na Kilatini *gradi*, kupiga hatua, ndugu wa *gradus*, ambayo ni hatua au daraja la ngazi. Maana ya maendeleo ilikuja baadaye. Wafasiri wetu wakadaka mwana wa mwisho, wakamwacha mzazi mlangoni.

Kodi ya mishahara Tanzania Bara ni mnazi mtupu. Kwa viwango vya tangu Julai 2021, shilingi 270,000 za mwanzo za mwezi hazikatwi kitu. Kutoka hapo hadi 520,000 hukatwa 8%, hadi 760,000 ni 20%, hadi milioni moja 25%, na kinachozidi 30%. Kwa hiyo anayetozwa kwenye 600,000 hulipa 36,000, sawa na 6%. Wa milioni mbili hulipa 428,000, yaani 21.4%. Wapo wanaoogopa nyongeza wakidhani kuvuka kiwango kunapandisha kodi ya mshahara wote. Mkwezi hawezi kukosea hivyo: akifika kidato cha tano, cha kwanza kiko palepale.

Kinyume cha kodi ya vidato kiitwe "kodi lemezi", kwa kuwa humlemea mnyonge. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye mche wa sabuni, 18%, haimuulizi mnunuzi anapata nini, na maskini ndiye anayemaliza karibu kipato chote dukani. Tena suala si la maneno tu: serikali za Afrika ziliahidi Abuja mwaka 2001 kuipa afya 15% ya bajeti. Fedha hizo zitoke kidato gani, ndilo swali ambalo jina bovu hulificha.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kulipeleka pendekezo lake kwenye kikao cha wanaistilahi. Mjumbe mmoja, ambaye huenda hajapata kuuona mnazi ukikwewa, alisema wazazi watadhani ni karo ya sekondari. Kikao kikacheka, kikaenda kunywa chai.

Hoja nzito zaidi ingetoka Mombasa, ambako kodi ni ya nyumba. Huko na iitwe "ushuru wa vidato", ingawa ushuru, kwa asili yake ya Kiarabu, ni sehemu moja ya kumi.