Mchango hukamilika lini? Klabu za huduma na harambee za mashambani

UKITOKA Kisumu kuelekea mji wa Kakamega, barabara ya Shinyalu huchepuka mkono wa kulia pale Khayega. Mbele yako ni soko, kisha mashamba madogo yaliyobanana, kisha ukingo wa Msitu wa Kakamega, ambao wataalamu huutaja kuwa masalio ya msitu mkubwa wa mvua ulioenea kutoka Afrika ya Magharibi na Kongo. Hii ni nchi ya Waisukha. Jirani zao wa upande wa Ikolomani ni Waidakho, na jamii hizi mbili zinajulikana kote nchini kwa mambo mawili: kipute cha mafahali na ngoma ya isukuti.

Mafahali hupambanishwa alfajiri, kabla jua halijakausha umande, na mara nyingi siku ya Jumamosi. Zamani kipute kilifungamana sana na heshima ya mwisho kwa wazee mashuhuri waliofariki. Siku hizi hufanyika pia sikukuu za kitaifa na kila mwanasiasa anapotaka kuonekana. Seneta wa Kakamega, Dkt Boni Khalwale, amejipatia lakabu ya mpiganisha mafahali kwa sababu hiyo. Isukuti nayo hupigwa mtoto anapozaliwa, watu wanapooana, mtu anapozikwa na kwenye michezo. Mwaka wa 2014 shirika la UNESCO liliiweka katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa kwa dharura.

Tumeanza na mafahali na ngoma kwa sababu mchango wa hisani huhitaji kwanza watu, na Shinyalu haijawahi kukosa njia ya kuwakusanya. Swali gumu ni la pili: baada ya vumbi kutulia, fedha zilizochangwa hufanya nini, na nani humwambia aliyetoa?

Neno harambee lilikuwa la vibarua na wachukuzi wakivuta mzigo kwa pamoja. Mzee Jomo Kenyatta alilifanya wito wa taifa mwaka wa 1963, Kenya ilipopata serikali ya ndani, na katika miaka iliyofuata wananchi walijenga kwa mikono na mifuko yao mamia ya shule za upili, zahanati na mabirika ya kuoshea ng'ombe. Mbinu zake anazijua kila msomaji wa umri wangu. Kamati huteuliwa, kadi za mchango husambazwa, mgeni wa heshima hualikwa. Siku yenyewe ikifika, wasiokuwa na fedha taslimu huleta jogoo, mkungu wa ndizi au trei ya mayai, na vitu hivyo hunadiwa papo hapo. Jogoo mmoja huweza kununuliwa, kurudishwa mezani na kununuliwa tena mara tatu. Mwishoni husomwa jumla, ambayo huchanganya fedha zilizopo na ahadi ambazo nyingi hazitimizwi.

Ubaya uliingia pale wanasiasa walipogundua kwamba bahasha ni kampeni. Utafiti wa tawi la Kenya la shirika la Transparency International uliotolewa mwaka wa 2001 ulikusanya habari za harambee zilizochapishwa magazetini na kuonyesha jinsi utoaji wa wanasiasa ulivyopanda uchaguzi mkuu ulipokaribia. Naukumbuka utafiti huo kwa aibu kidogo, maana habari zilizohesabiwa ni zetu. Kwa miaka mingi ripoti za harambee zilifika mezani mwa wahariri zikiwa na jina la mgeni wa heshima na kiasi alichotoa, nasi tulisahihisha tahajia na kuzichapisha. Ni nadra sana mwandishi kurudi mwaka uliofuata kuuliza kama lile darasa lilipata paa.

Sheria haikukosekana. Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106, ni ya tangu mwaka wa 1960, na inamtaka anayekusanya fedha hadharani awe na leseni. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ikamkataza afisa kutumia cheo chake kumshinikiza mtu atoe. Mnamo Julai 5, 2024, baada ya maandamano ya vijana yaliyotikisa nchi, Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali hawataruhusiwa tena kushiriki harambee, na mswada kuhusu michango ya umma ukapelekwa Seneti mwaka huo huo. Haikuchukua miezi mitano tangazo hilo likajaribiwa: mnamo Novemba, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu la Nairobi alikataa mamilioni ya shilingi ambayo Rais alikuwa ametoa kwa kanisa moja la mtaa wa Soweto jijini.

Sambamba na harambee, kuna desturi nyingine ya kuchangisha ambayo mashambani haifahamiki vyema, nayo ni ya klabu za huduma. Rotary ilianzishwa Chicago, Marekani, mnamo Februari 1905 na wakili Paul Harris pamoja na wenzake watatu. Lions ilifuata mjini humo humo mwaka wa 1917 chini ya Melvin Jones, aliyekuwa mfanyabiashara wa bima. Rotary ilifika Afrika kupitia Johannesburg mwaka wa 1921, na klabu ya kwanza ya Afrika Mashariki ikaundwa Nairobi mwaka wa 1930. Wakati huo ilikuwa baraza la wafanyabiashara na wataalamu wa kizungu; wanawake nao walisubiri hadi mwishoni mwa miaka ya themanini kukubaliwa rasmi katika mashirika yote mawili. Leo kila moja lina zaidi ya wanachama milioni moja duniani, na Rotary ina klabu mjini Kakamega.

Mtu akitazama kwa mbali ataona chakula cha jioni, beji za kifuani na picha za hundi kubwa ya karatasi, na pengine atacheka. Mimi pia nimewahi kucheka. Lakini chini ya mapambo hayo kuna kanuni moja ambayo harambee zetu hazikuwa nayo: mikoba miwili. Katika klabu za Lions, fedha zinazopatikana kwa umma, iwe kwa matembezi ya hisani, mnada au bahati nasibu, huingia katika akaunti ya shughuli na sharti zirudi kwa umma. Gharama za klabu yenyewe, kuanzia chakula cha mikutano hadi karatasi za barua, hulipwa kutoka akaunti nyingine inayojazwa kwa ada za wanachama. Hata faini za utani, kwa mfano anayotozwa mwanachama aliyechelewa, huwa na mahali pake pa kuandikwa. Mwananchi aliyetoa shilingi 50 hapaswi kumnunulia mwenyekiti soda.

Kanuni hiyo ni rahisi kuielewa na ngumu kuifuata. Katika harambee ya kawaida ya kijijini, mahema, vipaza sauti, chakula cha wageni na posho ya wachezaji ngoma hutolewa kwenye chungu kile kile cha mchango, tena kabla ya hesabu kusomwa. Hakuna aliyeiba. Ila kilichokusudiwa kununua madawati 40 kimebaki cha madawati 25, na aliyetoa hatajua.

Jambo la pili ambalo klabu hizi zimelazimika kujifunza, tena kwa kukosea, ni kwamba siku ya hafla ni mwanzo tu. Chukua kambi ya macho, shughuli ambayo Lions wameishikilia tangu Helen Keller alipowahutubia Marekani mwaka wa 1925 na kuwaomba wawe mashujaa wa vipofu. Madaktari hufika asubuhi katika shule au uwanja wa kanisa, watu hupanga foleni, wanapimwa, wengine wanapewa miwani. Mzee mwenye mtoto wa jicho huambiwa kwamba ataona tena akifanyiwa upasuaji, naye hupewa karatasi. Upasuaji wenyewe ni mfupi, mara nyingi huchukua chini ya saa moja. Kwa mkazi wa Shinyalu, hospitali mojawapo ya macho iliyo karibu ni ile ya Sabatia, katika kaunti jirani ya Vihiga. Si mbali. Lakini mtu asiyeona hasafiri peke yake: nauli ni ya watu wawili, kwenda na kurudi, pamoja na siku nzima ya kibarua anayoipoteza mwana au mjukuu anayemshika mkono. Kisha lazima jicho likaguliwe baada ya upasuaji, na tena wiki kadhaa baadaye.

Kwa hivyo kambi iliyopima watu mia tatu na kuwaachia karatasi ina picha nzuri zaidi kuliko kambi iliyopima sitini, ikawakodishia matatu wale kumi waliohitaji upasuaji, ikawarudisha nyumbani na kuwatembelea. Ya pili ndiyo iliyorudisha macho. Katika bajeti ya klabu, mstari wa nauli ndio hukatwa kwanza, kwa kuwa hakuna mfadhili anayetaka jina lake libandikwe kwenye tikiti ya matatu.

Maji yanatoa funzo la aina hiyo hiyo, na hapa hatubahatishi. Magharibi mwa Kenya watu wengi huteka maji chemchemini, na kuzikinga chemchemi ni kazi inayopendwa na wafadhili wa kila namna. Jicho la chemchemi huchimbwa, huzungushiwa mawe na changarawe, hufunikwa, ukuta wa saruji hujengwa na bomba hupenyezwa ili maji yatoke bila kuguswa na miguu ya watu wala mifugo. Wanauchumi Michael Kremer, Jessica Leino, Edward Miguel na Alix Zwane walifuatilia kazi hiyo katika wilaya za zamani za Busia na Butere-Mumias, na matokeo yao yakachapishwa mwaka wa 2011. Uchafu wa kinyesi katika maji ya chemchemi zilizokingwa ulipungua kwa asilimia 66. Nyumbani, hata hivyo, ndani ya mtungi ulipungua kwa asilimia 24 pekee, kwa sababu maji huchafuka tena njiani na yanapochotwa kwa kikombe. Hata hivyo kuhara kwa watoto wadogo kulishuka kwa takriban robo, na hiyo si faida ndogo.

Klabu inayosoma takwimu hizo itaelewa kwamba saruji pekee haitoshi. Takriban robo ya visa vya kuhara kwa watoto huepukwa kwa kazi ya mafundi wa siku chache; sehemu iliyobaki inategemea mitungi yenye vifuniko, dawa ya maji, na mtu wa kupita nyumba kwa nyumba mwezi baada ya mwezi. Mtu huyo hapatikani Nairobi. Rotary ilitambua hilo zamani na ikaruhusu wanakijiji wasio wanachama waunde vikundi vyao vya kazi chini ya ulezi wa klabu ya mjini. Aidha, kwa ruzuku kubwa zinazotolewa na wakfu wake, ambazo mradi wake hauwezi kuwa chini ya dola 30,000, ni sharti mahitaji ya jamii yachunguzwe kabla ya fedha kuombwa, na wenyeji wahusishwe katika uchunguzi huo.

Wenyeji wa pande hizi wamekwisha kuthibitisha kwamba wanaweza kusimamia mambo yao. Kikundi cha wakulima wahifadhi cha Muliru, kilichoko pembezoni mwa Msitu wa Kakamega, hulima mmea wa dawa ambao mafuta yake hutumika kutengeneza marhamu ya Naturub, na mwaka wa 2010 kilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Hicho si cha hisani, ni biashara inayoulinda msitu. Hata hivyo kinachokiweka hai ni kile kile ambacho hisani hukikosa mara nyingi: vitabu vya hesabu vinavyofunguliwa mbele ya wanachama.

Kwa wanaofikiria kuanzisha kikundi cha huduma Shinyalu, iwe chini ya mwavuli wa klabu ya kimataifa au kwa jina lao wenyewe, Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inahitaji wanachama wasiopungua kumi, katiba na viongozi waliochaguliwa. Benki au akaunti ya simu itataka watia sahihi zaidi ya mmoja, na ni vyema mmoja wao asiwe jamaa ya mweka hazina. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, mchango umeacha alama: kila shilingi ina saa, jina na nambari ya muamala, tofauti na ile bahasha iliyofumbwa. Alama hiyo haina faida ikiwa taarifa ya akaunti itakaa kwenye simu ya mtu mmoja. Ichapishwe na kubandikwa ukutani kanisani, shuleni na kwa chifu, upande mmoja kilichoingia, upande wa pili kilichotoka.

Na siku ya hesabu isiwekwe ofisini. Itangazwe siku ya kipute, ile alfajiri ambapo watu wamefika wenyewe bila kadi wala mgeni wa heshima. Kabla fahali wa kwanza hajaingizwa uwanjani, mweka hazina asimame na kusoma: chemchemi fulani, saruji mifuko kadhaa, seng'enge, fundi, wagonjwa wa macho waliopelekwa Sabatia ni kadhaa, waliorudi kukaguliwa ni kadhaa, na ambaye hakurudi ni wa kijiji gani ili mtu aende akamwone.