Mwili Haukuzoea Dawa

Kansa ikirudi baada ya kemo, utasikia watu wakisema, "Ah, mwili ulishazoea dawa." Msemo huu nimeufuatilia hadi maabara, na historia yake si vile tunavyodhani.

Mwaka 1948, kule Boston, Sidney Farber alitoa ripoti ya watoto 16 wenye kansa ya damu aliowatibu kwa aminopterini. 10 walipata nafuu. Lakini nafuu yenyewe ilikuwa ya muda tu. Ugonjwa ulirudi, na dawa ikashindwa kuuzuia. Kwa nini?

Jibu lilitafutwa kwenye visahani vya maabara. Mbinu ni rahisi, tena katili: unachukua seli za panya, unazimwagia dawa kidogo, nyingi zinakufa, chache zinabaki. Unaziacha hizo chache zizaane, unaongeza dozi, unarudia. Mwishowe una ukoo wa seli unaostahimili dozi ambayo ingewamaliza mababu zake wote.

Mwaka 1978, timu ya Robert Schimke katika Chuo Kikuu cha Stanford ilichunguza ukoo kama huo. Methotreksati, binamu ya aminopterini, huua kwa kuziba kimeng'enya ambacho seli hukihitaji ili kutengeneza DNA. Sasa, zile seli sugu zilikuwa zimeongeza nakala za jeni ya kimeng'enya hicho karibu mara 200. Ni kama askari wa kaunti wafunge kibanda kimoja, kumbe mwenyewe ana vingine 199.

Miaka miwili kabla ya hapo, kule Toronto, Rudolph Juliano na Victor Ling walikuta ujanja mwingine kwenye seli za hamsta: protini iliyojaa kwenye utando wa seli sugu. Baadaye ilibainika kuwa ni pampu. Dawa ikiingia, inatupwa nje, kama mlevi mikononi mwa baunsa. Tena baunsa huyu hachagui sana: seli zilizozoeshwa dawa moja zilihimili na nyingine ambazo hazijawahi kuziona.

Hapo ndipo msemo wetu unapoteleza. Shangazi yangu aliambiwa hivyo kwa sauti ya lawama, ni kana kwamba yeye ndiye aliyefeli mtihani. Lakini mwili haukuzoea kitu. Seli zikigawanyika, makosa hutokea kwenye DNA bila mpango wowote. Dawa huua zile za kawaida, na ile iliyobahatika inaachiwa uwanja mzima.

Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa kadhaa kwa pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Emil Frei na Emil Freireich, kule Bethesda, walichanganya dawa nne kwa watoto wenye kansa ya damu. Hesabu yao ni ileile tunayoijua kwenye TB: seli ikiponyoka dawa ya kwanza, ya pili iidake. Bado nyingine huponyoka. Zikiponyoka, tuzilaumu hizo seli, si mgonjwa.