Kipya Kinyemi: Vipi Gari Ilivyoingizwa Kwenye Mitindo



Sisi washonaji tunaijua misimu. Mwaka huu bi harusi anataka lesi, mwakani atataka hariri, na gauni aliloolewa nalo dada yake mwaka juzi analiona la enzi za bibi. Hatulalamiki, ndiyo riziki yetu. Lakini wengi hawajui kwamba tabia hii ya kuchoka na kitu kabla hakijachakaa iliwahi kuchukuliwa kwenye nguo ikapelekwa kwenye gari, na waliofanya hivyo wanajulikana. Leo tuwasimulie, maana tunawaona maharusi wakianza ndoa na mkopo wa gari, na kitanda bado hakijalipiwa.

Mwaka 1908 huko Detroit, Marekani, Henry Ford alitoa gari yake ya Model T kwa dola 850. Kufikia 1925 bei ilikuwa imeshuka chini ya dola 300. Hadi mwaka 1927 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 15, na muda wote huo gari ilibaki karibu ile ile. Kwa zaidi ya miaka kumi ilitoka kwa rangi moja tu, nyeusi. Ford alitaka mtu anunue gari moja imtoshe, na hata mkulima wa shamba aweze kuifungua mwenyewe na kuitengeneza.

Sasa hapo biashara ikakwama. Mwenye gari nzima ana haja gani ya nyingine?

Jibu lilitoka kwa washindani wake, kampuni ya General Motors. Alfred Sloan aliyeingia urais wa kampuni hiyo mwaka 1923 aliona njia: gari ibadilishwe sura kila mwaka, iwe rangi, taa au umbo la bodi, ili ya mwaka jana ionekane ya zamani hata kama injini yake haina tatizo. Tangu 1919 kampuni ilikuwa na chombo chake cha mikopo, kwa hiyo asiye na pesa mkononi alilipa kidogo kidogo. Mwaka 1927 wakamwajiri Harley Earl, aliyekuwa akitengeneza gari za waigizaji wa sinema, awe mkuu wa idara mpya ya sanaa na rangi. Sloan mwenyewe aliandika baadaye kwamba kanuni za washona nguo wa Paris zilikuwa zimeingia katika biashara ya gari. Mwaka huo huo wa 1927 Ford akaiacha Model T, kwani wateja walishahama.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kumbe kuna waliokaa mezani wakaipigia hesabu methali hiyo.

Lakini si wote walioifuata. Mwaka 1966 mwalimu wa sayansi wa New York, Irv Gordon, alinunua Volvo nyekundu aina ya 1800S kwa dola 4,150, karibu mshahara wake wa mwaka mzima. Kwenda kazini na kurudi ilikuwa maili 125 kila siku, yaani kilomita 200. Mwaka 1987 alifikisha maili milioni moja, mwaka 2002 milioni mbili, na mwaka 2013, akiwa Alaska, milioni tatu. Hizo ni zaidi ya kilomita milioni 4.8, sawa na kuizunguka dunia mara 120. Alifariki mwaka 2018, na gari bado ilikuwa yake.

Siri yake haikuwa kubwa. Alifuata kitabu cha gari: oili kwa wakati, sevisi kwa wakati, na mlio mgeni ukisikika haupuuzwi. Injini ilifika maili 680,000 ndipo ilipotengenezwa upya kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo haikuwa gari isiyoharibika, ila kila kilichoharibika kilitengenezwa mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hata cherehani ni hivyo hivyo. Ya bibi inashona mpaka leo kwa sababu ilipata mafuta na kitambaa cha kuifunikia, na mpya isiyotunzwa inaweza kukwama mapema.

Basi, kina dada, hatusemi gari mpya ni kosa. Iliyomchosha fundi na kumaliza pesa za nyumba iuzwe. Tunachosema ni kwamba kabla hamjasaini mkopo, wewe na mume wako iulizeni gari mliyonayo: imeshindwa kutembea, au imepitwa na mtindo tu? La kwanza mwachieni fundi alijibu. La pili lilipangwa Detroit karibu miaka mia iliyopita, na mlipaji ni nyinyi.

Allah azitie baraka nyumba zenu na vilivyomo ndani yake. Amin.